Cherehani ya Mke Wangu Inamnyima Mtoto Umeme?

Mpendwa Shangazi, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi mnunuzi wa cherehani anakuja. Mimi ni mchora mabango, mke wangu ni fundi cherehani, na nyumba yetu ni gari, basi dogo kuukuu nililoling'oa viti nikaweka kitanda, jiko na paneli ya sola juu ya paa, tunaegesha kazi ilipo, na usinicheke Shangazi, tunaishi raha mustarehe. Huyu mwanamke ni fundi hasa, anakata vitambaa kitandani kwa sababu meza ya kukatia hatuna, anashona sare za shule nzima humo humo na mshono haupindi, nikirudi jioni namkuta bado yuko kwenye cherehani na bado ana mzaha. Sasa ni mjamzito, siku zimekaribia, na mama mkwe ametuambia wazi kwamba mjukuu wake halali kwenye gari lenye giza na joto, basi nikakaa nikapiga hesabu ya umeme wa siku, nikajumlisha taa, simu, friji, feni ya mtoto, kisha cherehani ya wati mia kwa saa tisa, kwa kuwa asubuhi namwacha hapo na jioni namkuta hapo, hiyo peke yake ikala wati-saa mia tisa, karibu umeme wote tunaopata kwa siku. Nikamwambia cherehani iuzwe. Aliifuta vumbi, akasema, "Uza tu, baba. Nitashona kwa mkono." Nifanyeje?

Mchora mabango, roho juu

Bwana mabango,

Mkono wako wa kuchora sina shaka nao, wa hesabu ndio unaonitia homa. Lakini mume anayeutazama mshono wa mkewe na kuusifu hivi ni wa kutafuta kwa tochi, kwa hiyo nitakugombeza kwa upole.

Umehesabu saa anazokaa mkeo, si saa mota inazozunguka. Umewahi kushinda naye kutwa? Fundi anapima, anakata, anabana pini, anafumua, anasaka kifungo kilichoingia uvunguni. Muda wote huo cherehani imetulia tuli. Inakula umeme anapokanyaga pedali tu, na nikikadiria kwa ukarimu hazizidi saa mbili. Wati mia mara saa mbili ni mia mbili. Mia saba nyingine umemsingizia, na hizo zinatosha friji na feni ya mtoto.

Hata friji usiizidishe kwa saa ishirini na nne, maana ikishapoa hujizima yenyewe. Kila kifaa kipe saa zake za kweli, jumlisha, kisha acha akiba ya siku ya mawingu. Na inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri ili cherehani iweze kuutumia, izime akimaliza kushona. Ikiachwa imewashwa inakula bure.

Kesho usiende kazini. Kaa kitandani na saa mkononi, hesabu pedali inapokanyagwa tu, halafu mpelekee mama mkwe hesabu iliyonyooka. Mwanamama huyo anahofia mjukuu, hana ubaya na gari lako.

Kisha mpigie mnunuzi simu umwambie huuzi tena, na simu hiyo uipige mkeo akisikia. Mwanamke huyu alikubali kushona sare za shule nzima kwa sindano ya mkono ili mwanao asilale gizani. Usimwombe tena akuonyeshe mapenzi kwa namna hiyo.