Miwani ya Munya

Jumamosi, 7 Oktoba

Joto la kufa mtu. Leo zamu ya Munya, kwa hiyo tumesomea uani kwao. Fizikia tuligawana tangu mwanzo wa mwaka: mimi umeme, Trymore mwendo na nguvu, Shuvai joto na gesi, Munya mawimbi. Anayefundisha husimama, wengine huuliza maswali ya kijinga kadiri wawezavyo. Hapo ndipo Trymore anapong'ara.

Munya hana ubao. Akafungua kamba ya kuanikia nguo ya mama yake, vibanio vikiwa bado juu! Mimi nikashika huku, Trymore akatikisa kule. Vibanio vikaruka hadi kwenye banda la kuku. Vilivyobaki ni vile vilivyokaa mahali ambapo kamba haitikisiki.

"Mnaona, wapendwa? Kamba nzima ina wazimu, hapa pametulia tuli. Msilale!" Akasukuma miwani kwa kifundo cha mkono, vidole vyote juu, kama mtu aliyetoka kupaka siagi. Kila siku hivyo hivyo.

Mama Munya akatoka: nani kaangusha shuka zake vumbini? Wote tukamnyooshea kidole Munya.

Amekohoa sana. Vumbi tu, anasema. Mada ya mwanga kwenye mianya miwili ataifundisha Jumamosi ijayo. Hiyo ndiyo inayotoka kila mwaka kwenye mtihani, na anayeielewa ni yeye peke yake.

Jumatano, 11 Oktoba

Munya hakuja shule. Pumu. Nilipita kwao, nikamkuta ameegemezwa mito, maneno yanatoka vipande vipande. Nikamwambia anakwepa mtihani, mwoga mkubwa.

"Mtani... nyamaza. Sina pumzi ya kucheka."

Nikanyamaza. Baba zetu ni watani, na babu zetu walikuwa watani. Sidhani nimewahi kukaa naye bila kumtukana.

Ijumaa, 13 Oktoba

Munya amekufa. Jana alfajiri.

Baadaye — nilitaka kwenda kwa Shuvai tukalie pamoja. Shangazi amenizuia mlangoni. Baba yuko Johannesburg, hawezi kuwahi. "Basi mtani wa nyumba ile ni wewe, Chenai. Na mtani halii. Ukilia wewe, nani atawainua wenye msiba?"

Jumapili, 15 Oktoba

Tumerudi kutoka Buhera, kijijini kwao Munya, tulikomzika. Kazi ya mtani nimeifanya: kumwigiza marehemu wafiwa wacheke.

Walinipa sweta yake ya shule, suruali yake nikaikunja kiunoni, na miwani. Miwani yenyewe kali, jeneza nililiona ukungu mtupu. Afadhali. Nikasogea mbele ya kaburi, nikaisukuma kwa kifundo cha mkono, vidole juu. Hilo tu! Watu wakapasuka kwa kicheko. Nikachukua kamba ya kushushia jeneza, nikawapa wajomba wake wawili washike. "Tulieni, wapendwa! Msilale!" Nikatikisa. "Na mnajua kwa nini huyu kalala humu? Mwoga! Kaukimbia mtihani!"

Mama Munya alicheka mpaka akakaa chini. Kisha kicheko kikamgeukia, akalia, na watu wote wakalia naye. Mimi sikulia. Trymore alinitazama kama hanijui.

Nilimwita mwoga. Ni utani, kila mtu anajua ni utani. Lakini siku zote alikuwa akijibu.

Jumatano, 18 Oktoba

Tumekutana kwa Shuvai, watatu. Nani atashika mawimbi? Shuvai akasema taratibu: "Fundisha kama ulivyofanya kaburini."

Miwani ilikuwa kwenye mkoba wangu! Sweta na suruali nilirudisha, hii nikasahau. Nikaivaa, nikasimama. Na yakaja. Sauti yake, kikohozi chake, hadi kanuni ambazo sikujua kuwa nazijua. Shuvai anaandika huku machozi yanadondokea karatasi. Tukafika mianya miwili. Nikafungua mdomo — hakuna kitu. Munya alikuwa hajafika hapo.

"Endelea basi," Trymore akasema.

"Sijui zaidi ya hapo, mpendwa," nikasema, kwa sauti ile ile. Trymore akatoka nje, akabamiza mlango.

Jumapili, 22 Oktoba

Mama Munya aliniita. Ugali wa sadza na mboga za siagi ya karanga. Akanipakulia kwenye sahani ya Munya.

"Mtani, hebu sema kidogo. Kama yeye."

Nikaitazama chai. "Mama, sukari imehama nyumba hii?" Akacheka, masikini, akaniongezea vijiko. Akaniomba niseme na yale ya asubuhi ya mtihani. Munya alikuwa akiyasema pale mlangoni tangu darasa la kwanza: "Mama, wewe omba, mimi naandika." Nikayasema. Akafumba macho.

Nilijiona nimefanya jambo jema. Njiani kurudi nilitaka kulia, nikajaribu hata kujifinya. Wapi.

Jumapili, 29 Oktoba

Wiki hii Mama Munya ameniita kila siku. Vitabu sijavigusa. Leo hakucheka kabisa. Aliniuliza kama nakula vizuri. Kama kifua bado kinabana.

Nikajibu, "Kimetulia, mama."

Mungu wangu. Nimejibu!

Shangazi amepata habari, nyumba nzima imetikisika. "Utani unaishia kaburini! Kurudisha roho ya marehemu nyumbani ni mwakani, kwa pombe na ngoma na wazee wake, siyo wewe na miwani! Yule mama hujamwachia hata amzike mwanawe. Irudishe!"

Nimesema kesho.

Jumatano, 1 Novemba

Sijairudisha.

Leo mtihani wa maabara. Nusu yetu tunaanza na jaribio la kwanza, nusu la pili, kisha tunabadilishana meza. Namba yangu na ya Munya zinafuatana. Vifaa vyake walivipanga vile vile, sijui kwa nini. Labda hakuna aliyeweza kumfuta kwenye orodha. Ilipolia kengele, wenzangu wote walihamia meza zilizotoka kutumiwa, penseli zimetupwa, vyuma vina joto la mikono ya watu. Mimi nikahamia ya Munya. Springi inaning'inia imenyooka. Mawe ya mizani yamepangwa madogo kwa makubwa. Hayajaguswa.

Nikapima. Nikaandika. Sikukosea hata tarakimu moja. Nina nini mimi? Huyu alikuwa rafiki yangu. Nampenda, na siwezi kumlilia.

Jumatatu, 6 Novemba

Naandika nikiwa kwenye ngazi za ukumbi. Bado kidogo tu karatasi ya nadharia ianze.

Trymore alikuja akakaa karibu nami. Hatujasemeshana tangu siku ile ya mlango. Akaokota kijiti, akachora mavumbini: ukuta, mianya miwili, mawimbi yanatoka pande zote mbili. Ameng'ang'ana nayo wiki nzima, peke yake. Yakikutana yakiwa yanapanda pamoja, mwanga unazidi. Moja likiwa juu na jingine chini, yanafutana. Mwanga juu ya mwanga, giza.

"Ndiyo hiyo tu?" nikauliza.

"Ndiyo hiyo tu."

Nikapata hasira. Kitu kidogo hivyo! Munya angeweza kunieleza siku ile ile, kabla hatujaokota vibanio.

"Samahani kwa kukuacha siku ile," Trymore akasema. "Nilikuwa naisikia sauti yake, na nikitazama ni wewe."

Kengele ya kwanza. Wengine wanapanga foleni.

Mama Munya yuko getini! Nguo nyeusi, kikapu mkononi. Mlinzi hamruhusu kupita. Shuvai amekwenda kumsikiliza, amerudi uso umemshuka. Anasema ameleta chakula cha mchana. Anasema Munya asile haraka haraka. Na anasema hataondoka mpaka asikie yale maneno ya asubuhi. Mtani anayajua.

Shangazi asingekubali. Shangazi hayupo. Nikiyasema, kesho ataleta kikapu kingine, na keshokutwa. Nisipoyasema, atasimama pale juani akimsubiri.

Trymore ananishika mkono wa sweta, twende, twende. Nimemwambia anitangulie.

Nimesimama. Mama Munya ameniona. Ameshaanza kutabasamu. Miwani nimeishika mkononi, sijaivaa — na bado simwoni vizuri, ukungu mtupu, kama siku ile kaburini. Hata mistari hii siioni, karatasi inalowa. Kengele ya pili inalia. Amefumba macho, anangoja nianze