Maji ya Magotini

Dada yangu mpenzi,

Nakusalimu sana, na nikishakusalimu wewe namsalimu shemeji, halafu watoto, mmoja mmoja kwa ukubwa wao, wasije wakagombana. Vipi mgongo wako? Ulisema ukiinuka kwenye kiti cha ofisini unainuka kama bibi kizee. Nilikwambia ukunje taulo uiweke nyuma ya kiuno, na nina hakika hujaiweka. Sisi huku hatujambo. Baba anakula, analala, anabishana na redio. Mimi nipo.

Kila tulipozungumza kwa simu umeniuliza tarehe ya safari, na kila mara nimekujibu kwamba bado tunapanga. Mara ya mwisho ulikasirika. Ulisema bosi wako hampi likizo mtu asiye na tarehe, na kwamba ule mfuko usiopitisha maji uliomnunulia Baba umekaa mlangoni mpaka watoto wameugeuza nyumba ya paka. Ulikuwa na haki ya kukasirika. Nakujibu kwa barua kwa sababu nyumba yetu unaijua, neno likisemwa jikoni linafika chumbani kwa Baba kabla halijaisha. Tena unanijua na mimi. Baba hakunibandika jina la Honi kwa sababu napiga kelele, alikuwa anautania ukimya wangu. Kwa mdomo ningekwama katikati.

Nianzie pale ulipotuacha. Ulipoondoka Baba alikuwa ametoka hospitalini, mkono umeanza kurudi, lakini mguu wa kulia unaburutwa kama wa mtu mwingine. Mguu wenyewe ndio ule aliokuwa akikanyagia breki ya mwalimu maisha yake yote ya kufundisha udereva. Unakumbuka alivyokuwa akiukanyaga hata akiwa kwenye kochi, akiona gari la kwenye televisheni linaingia kona vibaya? Tulikuwa tukimcheka. Baada ya kiharusi nilikuwa nakaa naye kutazama magari ya televisheni yakigongana, na mguu ule umetulia tu kwenye zulia.

Kazini kwangu nawasimamisha watu walioletwa wamebebwa. Baba alinishinda. Nikimwambia ainue mguu, anasema amechoka. Nikimwambia ashike kiti asimame, anasema hakufundisha udereva miaka yote ile ili aje afundishwe kutembea na mtoto aliyemfuta kamasi. Nikawa narudi nyumbani, namwamkia, naubonyeza mguu wake kama anayechagua parachichi, namwachia chakula, naingia chumbani kwangu nafunga mlango. Tulikuwa tunaishi hivyo, Dada, na kwenye simu nilikuwa nakwambia tunaendelea vizuri.

Sasa, kwenye chumba cha mazoezi pale kliniki ninapofanya kazi, juu ya mizani, imetundikwa kalenda ya kampuni ya dawa. Mwezi ule ulikuwa na picha ya kisiwa: kilima cha kijani, mchanga, mashua imeegeshwa mbali kidogo na ufuko. Nilikuwa naitazama kila mgonjwa anapopanda mizani. Jioni moja nikimpakulia Baba chakula nilimwambia nimetupangia likizo ya wiki moja kisiwani, mimi na yeye. Nikamwambia si likizo ya kulala kwenye kiti cha turubai na kutazama mawingu. Tutapanda kilima, tutapiga kasia kwenye mikoko, tutavaa miwani ya maji na mrija wa kupumulia tuwatazame samaki kwa juu juu, tutaendesha baiskeli kwenye njia ya tambarare. Mambo ya kumtisha mtu kidogo na kumrudisha salama. Asubuhi tutakunywa chai barazani tukitazama jua linavyotoka baharini. Tatizo ni moja tu, nikasema. Mashua haifiki nchi kavu. Abiria anashuka majini, maji ya magotini, na anatembea mwenyewe mpaka mchangani.

Baba alimaliza kutafuna kwanza. Kisha akaniuliza: magotini ya nani, yangu au yako?

Nikamwambia yake. Kesho yake nilimkuta ameshika kingo za meza, amesimama.

Kuanzia hapo sebule yetu ungeikana. Nilileta mchanga wa ujenzi kwenye beseni kubwa la kufulia, akawa anaukanyaga bila viatu ili nyayo zizoee kuzama. Godoro la chumba chako tulilitandika sakafuni likawa mashua, kwa sababu linayumba, naye anasimama juu yake ameshika ufagio kama kasia. Ngazi za kwenda ghorofani zikawa kilima. Siku moja jirani wa juu alishuka na kapu la nguo, akachungulia mlango uliokuwa wazi, akamkuta Baba juu ya godoro na ufagio wake. Akamuuliza: Mwalimu, unahama au umefukuzwa chumbani? Baba akamjibu bila kugeuka kwamba asogee pembeni, kwani hapo aliposimama ni baharini. Siku hizi jirani huyo hapiti bila kuuliza hali ya hewa ikoje huko.

Nawe unamjua Baba, hafundishwi bila kufundisha. Kabla ya kuinuka kwenye kiti alikuwa anatazama kushoto, anatazama kulia, anatoa ishara kwa mkono, ndipo anainuka. Akimaliza mazoezi ananikalisha mezani tupange safari, na maswali yake ni ya mtahini. Injini ya mashua ikizimika, nani anakuja kutuvuta? Juu ya kilima kuna kivuli? Kwenye mtumbwi wa watu wawili, mzito anakaa mbele au nyuma? Nilikuwa sijui hata moja. Nikawa nasoma wakati wa mapumziko ya mchana, namhoji nesi mmoja pale kazini aliyekulia kando ya bahari, halafu nakuja na majibu. Nimejua kwamba mzito anakaa nyuma. Nimejua kwamba mikokoni huingii maji yakiwa yamekupwa, utakwama kwenye tope ukae unawatazama kaa nao wanakutazama. Nilikuwa nazungumza, Dada, mimi huyu, mpaka chai inapoa. Nilimweleza baraza ile na viti vyake, na jioni tutakavyokaa palepale tukitazama jua linavyozama baharini. Alinisikiliza mpaka mwisho na akaomba chai nyingine.

Siku ya mrija tulijaza maji kwenye sinki. Alitumbukiza uso, akatoka anakohoa na kucheka, akanipa mrija akisema zamu yangu. Nilikataa. Unajua ninavyoogopa maji, hata ya sinki. Hakunilazimisha, alinitazama tu, kisha akatumbukiza uso tena.

Wewe ulipopiga simu siku ile ya kuuliza hali yake, yeye ndiye aliyepokea, akakueleza safari nzima kabla sijamzuia, akakualika. Ukafurahi hadi ukalia. Nilikuwa nimesimama mlangoni namsikia akikwambia ulete na viatu vya kupandia kilima. Tangu siku hiyo ndipo maswali yako ya tarehe yalipoanza.

Wiki iliyopita tulikwenda kliniki kwa uchunguzi. Dereva wa teksi alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, akamkalisha mbele kwa heshima zote. Karibu na mzunguko, mwendesha baiskeli alijitupa mbele yetu bila kutazama. Dereva aliwahi, hakuna aliyeumia. Lakini mimi nilikuwa nyuma, upande wa dereva, na jicho langu lilikuwa kwenye miguu ya Baba. Mguu wa kulia ulikanyaga sakafu ya gari. Ulikanyaga kwa nguvu, wote, kuanzia kisigino hadi kidole gumba, kabla hata dereva hajashika breki. Baba mwenyewe hakujua. Aliendelea kumlaumu dereva kwamba alikuwa karibu mno na gari la mbele, na dereva anajibu ndiyo Mwalimu, samahani Mwalimu. Mimi niligeuka dirishani nikafuta macho.

Wakati wa kurudi Baba alimweleza dereva yuleyule kuhusu kisiwa. Dereva akasema atatupeleka bandarini yeye mwenyewe, mtu mwingine asiguse mizigo ya Mwalimu, akauliza ni lini. Baba akageuka nusu, akaniambia: mwambie. Nikasema bado tunapanga. Baba akageukia mbele, akatazama barabara mpaka nyumbani.

Nilimsaidia kuvua viatu, nikakaa sakafuni palepale, nikamwambia. Na sasa nakwambia wewe, Dada. Safari haikuwepo. Si kwamba nilichelewa kukata tiketi, sikukusudia kuikata. Kisiwa kilikuwa picha juu ya mizani. Nilimtungia Baba mchanga, mashua, kilima na maji ili ainue mguu.

Na hilo si baya kuliko yote. Nimeshika miguu mingi kazini, na wa Baba niliushika wiki ile ya kwanza, nikauhukumu kwamba hautarudi. Nilitaka tu asikae mahali pamoja, asitoke vidonda, siku zisogee. Nilimpa ahadi kubwa kwa sababu nilikuwa na hakika kwamba hatakuja kunidai. Kila alipopiga hatua nilifurahi na kuogopa kwa pamoja, kama mtu aliyemwalika mgeni kwa adabu tu na sasa anasikia hodi. Ulipolia kwa furaha kwenye simu, nilijiona mdogo kuliko kiatu cha Baba.

Baba akasema kwamba kisiwa ambako jua linatokea na kuzama mbele ya baraza ileile hakijaumbwa bado.

Alikuwa amejua muda wote huo! Nilimuuliza kwa nini basi alikanyaga mchanga, akapiga ufagio hewani mbele ya majirani. Alisema kabla ya kisiwa nilikuwa naingia kama mkaguzi, naushika mguu, naondoka, na mlango wangu anausikia ukifungwa. Alikuwa analala akijiuliza ni nani kati yetu aliyepigwa na kiharusi. Jioni ile nilipoanza habari za kisiwa nilivuta kiti nikakaa. Akaona kwamba akiinua mguu nitakaa tena kesho. Akauinua. Baadaye, akasema, ukawa unainuka wenyewe.

Nilimwambia na lile la kutoamini. Hilo nilidhani litamuumiza, nikalisema nikiwa nimeinamia kiatu. Akanikumbusha mama mmoja, mwanafunzi wake, aliyegonga mageti mawili ndani ya wiki moja. Alimwambia marehemu Mama, wakiwa wawili, kwamba huyu hatashika leseni mpaka anazikwa. Leo anaendesha basi la shule, na akimwona Baba barabarani anampigia honi mpaka anaruka. Anadhani nilimwamini, akasema Baba, na mimi nitakufa nalo. Halafu akaniambia nipige simu nitafute kisiwa cha kweli, kwa sababu hajafanya mtihani wote huo wa nadharia ili aachwe bila wa vitendo.

Nimekipata, Dada. Kina nyumba ndogo ya wageni na mwenye nyumba ni mama mcheshi sana. Nilimuuliza maswali yote ya Baba, akasema kwa miaka yake yote hajapata mgeni aliyejiandaa hivi. Nilipofika kwenye suala la kushuka majini alicheka. Akasema kuna gati zuri la zege, hata bibi harusi anashuka na viatu vyake vikavu, mzee asiwe na wasiwasi.

Baba alikuwa amesogeza sikio kwenye simu. Uso wake ulianguka kama wa mtoto aliyeambiwa mechi imeahirishwa. Akaninyang'anya simu, akamwamkia yule mama vizuri, akamweleza kwamba gati waachiwe wengine. Yeye ashushwe upande wa mchanga, majini, magotini. Yule mama alidhani ni utani. Alipoona si utani, alisema atamwambia nahodha. Baba akamuuliza jambo moja la mwisho: barazani wanaona jua likitoka au likizama? Akajibiwa kwamba jua linatokea nyuma ya jiko na linazama nyuma ya kilima, barazani wanaona migomba tu. Baba alicheka mpaka nikamtafutia kiti.

Kwa hiyo tarehe ulizoniomba ni hizi: tunaondoka Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nane, tunarudi Jumamosi inayofuata. Muombe bosi wako leo. Baba ameshapanga mitumbwi: wewe utakaa mbele yake, kwa kuwa mzito ni yeye, na mimi nitakaa na nahodha mpaka nitakapojisikia. Nimeanza kutumbukiza uso kwenye sinki. Jana nilivumilia mpaka jirani aliyekuwa akitazama akapiga makofi. Nisamehe kwa miezi niliyokuzungusha. Ukitaka kunifokea, nifokee tukiwa juu ya kilima, huko nitakuwa sina pumzi ya kujibu.

Mnyang'anye paka ule mfuko uje nao. Shemeji mwambie namshukuru mapema kwa kubaki na watoto, na watoto waambie mama mdogo atawaletea konokono wa baharini asiye na mwenyewe ndani. Baba anakusalimu. Anasema funga mkanda.

Jambo dogo la mwisho. Kwenye teksi ya kwenda bandarini Baba atakaa mbele, wewe na mimi nyuma. Ukiona mguu wake wa kulia unakanyaga sakafu, usimwambie kwamba pale hakuna breki.

Ni mimi mdogo wako,
Honi