Barua Ulizomwandikia Mwavita

Kwako baba, popote walipokuweka,

Sijui kama huko mliko watu wanaletewa barua. Lakini wewe ulikuwa unasoma kila kitu. Hata karatasi iliyofungiwa ndagala, vile visamaki vya ziwani, uliikunjua, ukaipangusa mafuta, ukaisoma yote kabla ya kuitupa. Kwa hiyo nadhani hii nayo haitakupita. Nakuandikia nikiwa na wivu. Mwanzoni niliuita hasira, nikauita pia uchovu, mama akaniuliza kama nimeshikwa na malaria. Ni wivu tu, baba. Namwonea wivu Mwavita.

Simsemi bibi Mwavita, mama yako, Mungu amrehemu. Namsema yule mzungu aliyekuja kwetu wakati wa Zaire na kinasa sauti begani, akikusanya hadithi na nyimbo za watu wa ziwa na wa bonde la Ruzizi. Wewe ulikuwa mwalimu wa shule ya msingi, ukawa mkalimani wake pia. Mlizunguka naye Luvungi na Katogota, mkarudi na kaseti, ukaketi barazani kuzisikiliza na kuziandika neno kwa neno huku yeye akiuliza, na wewe ukieleza. Alilala nyumbani kwetu, akala bugali yetu. Na kwa kuwa kwetu mgeni akikaa sana lazima awe mtu wa nyumbani, ukampa jina la mama yako. Kisha akarudi kwao Ulaya, na jina akaenda nalo.

Mimi nilizaliwa baadaye. Mtoto wa kike wa kwanza, ambaye kwa desturi ya ukoo wenu alipaswa kuitwa Mwavita bila hata kujadiliwa. Nikaitwa Faida. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza mama kwa nini, akanijibu huku akitwanga majani ya sombe, bila kuniangalia.

"Jina ilikuwa imekwisha kutoka. Tungeita bantu babili jina moja mu nyumba moja?"

"Lakini ule hayuko mu nyumba."

"Kwa baba yako iko."

Hilo nililisikia nikiwa na umri wa kuchezea mchanga, na sijalisahau mpaka leo.

Nisikuonee lakini. Nakumbuka Jumamosi zile uliponipakia nyuma ya baiskeli tukaenda Kalundu bandarini kutazama mashua zikishushwa mizigo. Njia nzima ulikuwa huongei. Kabla ya kona ya mwisho ulikuwa unakohoa kidogo, mara moja, unasema, "Sikia kwanza," ukavuta pumzi, nami nikatega masikio nikidhani sasa nitaambiwa jambo kubwa. Kisha unasema, "Angalia muguu isiingie mu gurudumu." Basi, habari ndiyo hiyo. Tulisimama pale tukila karanga, ukitazama maji, na mimi nikikutazama wewe. Nilijiambia baba yangu ni mtu wa maneno machache, nikakupenda hivyo hivyo na uchache wako. Uliponipeleka kusoma Bukavu, nikalia bweni zima likajua, uliniandikia barua moja. Ninayo. Inasema: "Soma. Usipoteze viatu."

Sasa sikiliza kilichonipata. Unajua nina kibanda changu cha fotokopi kando ya barabara, karibu na soko la Mulongwe. Wanafunzi wa vyuo wananiletea kazi zao niwachapie. Mwezi uliopita alikuja binti mmoja na simu yake, akaniomba kama dada yake mkubwa nimtolee picha ya karatasi ya zamani.

"Yaya, unitoleye hii. Ninaiweka mu memware yangu," akasema, yaani ile kazi ya kumaliza chuo.

Nikaifungua kwenye mashine yangu, na hapo nikaiona K yako, ile yenye mguu mrefu inayokanyaga mstari wa chini. Nilidhani macho yananichezea. Binti akanieleza kwamba chuo kikuu kimoja cha huko Ulaya kimezipiga picha karatasi zote za mtafiti fulani, daftari zake, utafiti wake na barua alizoandikiwa, na kuziweka kwenye intaneti, na kwamba yeyote mwenye simu anaweza kuzifungua.

"Huyu muzee aliandika muzuri sana," akasema. "Unamujua?"

"Ni baba yangu."

Akafurahi, akaangalia tena ile karatasi, pale juu ulipoandika Mwanangu mpenzi Mwavita.

"Kumbe. Basi Mwavita ni weye?"

Nilimwambia mashine imepata moto, inabidi ipumzike, arudi baadaye.

Nilinunua mega za intaneti, nikafunga kibanda mapema, nikazisoma zote. Baba, mtu huyu anayeandika humu ni nani? Anatania. Anamwambia Mwavita kwamba anaogopa ngurumo, kwamba mvua ikianza anajifanya anatafuta kitu chini ya kitanda. Anamweleza upepo upi unaleta samaki wetu mikeke na upi unaifukuza, kurasa na kurasa, na katikati ya upepo anauliza, "Lakini unakula vizuri?" Anamsimulia jinsi alivyolia bibi alipofariki, amejificha nyuma ya nyumba asionekane na watoto. Mimi nilikuwa mmoja wa watoto hao. Nilikuona ukiagiza turubai na mchele, uso mkavu, nikajifunza kwako kwamba mtu mzima halii. Nimekaa na somo hilo hadi kwenye mazishi yako, watu wakaninong'onea kwamba nina moyo mgumu. Kumbe machozi yako yalikuwepo. Yalipelekwa Ulaya kwa bahasha.

Tena nyingine nilizipeleka mimi mwenyewe. Posta yetu ilikuwa imekwisha kulala, kwa hiyo barua zilikwenda kwa mkono wa mtu mpaka Bujumbura ndipo zikatiwa stempu. Ulikuwa unanituma kwa jirani yetu muuza vitenge kabla hajavuka mpaka pale Kavimvira. "Usiikunje," ulikuwa unaniambia. Nami nilikimbia nimeishika kwa mikono miwili kama sahani ya mchuzi, nikijivunia kazi yangu. Ningejua kilichomo ningeitupa mtoni Mulongwe ikaenda na maji.

Usiniambie kwamba nami nimo. Nimejiona. "Faida anakua, anasoma, ana kiburi cha mama yake." Mstari mmoja, kisha unarudi kwa samaki. Niliusoma mstari huo nikakasirika, nikausoma tena nikatafuta kama nyuma yake kuna kingine. Hapana. Hata mikeke ilipata nafasi kubwa kuliko mimi.

Niliwaandikia wale wa chuo. Nilikusudia kuandika kwa adabu lakini nikaanza na: Mimi ndiye binti yake. Jibu lilitoka kwa Mwavita mwenyewe. Yu hai, baba, mzee sana. Aliandika kwamba barua zako zimekaa huko peke yake, na kwamba anayezisoma ni kama mtu aliyesimama karibu na mwingine anayeongea na simu. Anasikia upande mmoja tu. Upande wa pili, barua alizokujibu yeye, ziko kwetu. Aliuliza kama bado tunazo, kama ninaweza kuzipiga picha nikamtumia, ziwekwe pamoja na zako. Akaomba namba yangu.

Tunazo. Ziko kwenye lile sanduku lako la bati, chini ya vitenge vya mama. Nilizisoma nikitafuta kosa. Nilitaka niambiwe kwamba alikutumia tu, kwamba wewe ulimwaga moyo na yeye alikujibu kwa mistari miwili ya asante. Sikukuta. Ni barua nzuri, ndefu, anakuita baba. Inaniuma kuliandika hili.

Kwa hiyo aliponiambia atapiga simu Jumamosi, nilijiandaa. Nilipanga maneno kwa Kifaransa, makali, yaliyonyooka, ya kumkumbusha kwamba amechukua jina langu, amechukua mazungumzo yangu, na sasa amenifuata mpaka sandukuni. Mama alikuwa chumbani. Simu ikalia, nikaiweka mezani, nikafungua sauti.

Kikohozi kidogo, kimoja, cha mtu anayesafisha njia ya maneno.

"Faida? Minye ni Mwavita. Sikia kwanza." Akavuta pumzi. "Ziwa imeamuka namna gani?"

Baba, niliinamia simu. Si sauti yako, ni sauti ya bibi kizee. Lakini kikohozi kile ni chako. Pumzi ile ni yako. Na nani siku hizi anauliza ziwa limeamkaje? Watoto wetu wanachanganya Kifaransa na Kilingala, sisi wenyewe tumebadilika bila kujua, na wazee wa Kalundu mliokuwa mkiongea hivyo mmekwisha wote. Yeye alijifunza Kiswahili kinywani mwako, akaondoka nacho, na huko kwao hakupata wa kukitumia naye kila siku akakichakaza. Kimekaa kwake kama nguo ya sikukuu. Anakivaa akiandika na akisoma barua zako, basi. Anavuta "weye" kama ulivyoivuta. Anacheka kabla ya neno la kuchekesha, si baada yake. Jumamosi anaiita siku ya posho.

Sisi hatukubaki na sauti yako hata kidogo. Kaseti za zamani zililiwa na unyevu, amenieleza kwamba wataalamu walijaribu wakashindwa. Simu iliyokuwa na video yako ya sikukuu iliibiwa. Nilikwisha kukubali kwamba nimesahau ulivyoongea, kila nikijaribu kukuita kichwani, sauti inayokuja ni yangu.

Maneno yangu ya Kifaransa sikuyasema. Nilijibu tu, "Iko na mawimbi kidogo."

"Aa. Basi imekasirika," akasema. "Kesho itaomba musamaha."

Nyuma yangu mama alikuwa ametoka chumbani. Alisimama mlangoni mkono mdomoni.

Mwavita akaja kwenye shida yake. "Minye niko muzee, mwanangu. Ninataka barua zikae pamoja mbele nikufe. Ile sanduku iko?"

"Iko, mama."

"Unaweza kuifungua?"

"Ufunguo ilipotea," nikasema. "Niko ninautafuta."

Akacheka kwanza, kisha akasema, "Mwalimu na kupoteza funguo. Tafuta polepole. Nitaita tena siku ya posho."

Ameita tena, na tena. Kila mara anauliza ziwa, kisha ufunguo, kisha tunaongea. Ananisimulia siku mlipokwama Luvungi na mvua, ukajifanya unatafuta kitu chini ya kitanda cha watu. Ninacheka, na wakati huo huo nataka kumnyang'anya ile siku. Namchukia akiongea na namchukia zaidi akimaliza. Juzi mama, ambaye hajamsemesha tangu mwanzo, aliniambia kwa sauti ya chini, "Muulize kama iko anapenda mikeke bado." Nikamuuliza. Akasema huko hakuna mikeke, kwa hiyo yuko anaipenda zaidi. Mama akageuza uso.

Simu zikishakatika mama haniambii lolote kuhusu ufunguo. Sanduku lile lilinunuliwa bila kufuli. Wewe unajua, mama anajua, kila siku anatoa vitenge vyake humo. Saa ya simu ikifika huja kimya, huketi juu yake, hukunja mikono, husikiliza.

Najua ninachofanya si kizuri. Yule ni mtu mzima sana, kile kikohozi siku hizi hakiishi kwa mara moja, na alichoomba ni haki yake kwa sababu aliziandika yeye. Wanafunzi kama yule wa memware wanangoja wasome upande wa pili. Kuzipiga picha ni kazi ya mchana mmoja kwangu, mashine ninayo, mikono ninayo. Lakini nikimpa, atanishukuru vizuri kama ulivyomfundisha, na baada ya hapo hatakuwa na sababu ya kunitafuta. Ameishi na maneno yako maisha yake yote. Na aningojee kidogo. Nilikwisha kukuzika mara moja, baba, na hata kulia sikujua.

Kesho ni siku ya posho. Nitamwambia ufunguo bado.

Pumzika, na usinikasirikie,

Faida, binti yako wa kumzaa