Mama Alivyopewa Sifuri na Profesa

Kiseke, Mwanza
Jumatano

Kwa kaka yangu Magesa,

Shikamoo kaka. Habari za hapo nyumbani? Wifi kifua chake kimetulia? Watoto wanaenda shule? Mimi mzima, nakula, nalala, na chumba changu hakivuji tena. Najua utashangaa kuletewa barua wakati simu ipo. Ukipigiwa simu unaweka sauti kubwa nyumba nzima inasikiliza, na haya ya leo nataka uyasome kwanza peke yako ukiwa umekaa.

Wifi ameniambia Jumapili unamhamisha Mama kutoka kwake, aje alale chumba cha watoto hapo kwenye mji wako, asishike tena jiko wala jembe. Anasema uliwaonyesha wajomba ile karatasi ya profesa wangu, Mama aliyorudi nayo kutoka huku, inayosema kumbukumbu za Mama zimekwisha. Kaka, nakuomba usimhamishe. Karatasi ile ni ya ovyo, na aliyeiandika ni wa ovyo zaidi.

Nyinyi huko mkisikia mtu ni profesa wa ubongo, mnavua kofia. Mimi nimekaa darasani kwake miaka mitatu. Anafundisha kwa picha zile zile alizokuja nazo kutoka masomoni Ulaya, na kila picha ina kichekesho chake ambacho waliotutangulia walishatutajia kabla hajafika. Anao ubongo wa plastiki anaoufungia kabatini kama dhahabu. Kipande cha nyuma kilipotea, basi akifika hapo anatuambia tukifikirie. Kwenye mtihani anataka tukichore. Mgonjwa sijawahi kumwona akimshika hata mkono. Akimwona mtu anayetetemeka anafurahi, anatuita tuje tuone.

Mwezi uliopita uliniambia Mama ameunguza sufuria mara mbili, nimlete apimwe. Nikamwambia profesa. Akasema vizuri sana, mlete Alhamisi, darasa linahitaji mtu wa mfano. Nami kwa ujinga wangu nikaona ni heshima. Mama akavaa kitenge chake cha kanisani.

Alimkalisha kwenye kiti mbele ya wanafunzi arobaini, simu ikawekwa kwenye stendi ikimrekodi. Hakumwamkia. Mama yetu, na yule bwana ni mdogo kwake kwa miaka kumi na ushee. Mama alisubiri ile shikamoo, alipoona haiji akakunja mikono. Profesa akafungua karatasi ya maswali iliyotungwa nchi za watu, akaanza kusoma.

"Mama, tuko ghorofa ya ngapi?"

Mama akatazama juu kwenye mabati. "Ghorofa iko wapi hapa, mwanangu?"

Sifuri.

"Una watoto wangapi?"

"Mungu ndiye anawajua."

Sifuri tena. Kaka, wewe unajua hakuna mama wa kwetu atakayekaa mbele ya watu asiowajua ahesabu watoto wake kama mbuzi wa mnadani. Profesa aliandika tu na kugeuza ukurasa.

"Mtoto wako wa kwanza anaitwa nani?"

"Baba," Mama akasema.

"Siulizi baba yako. Nauliza mtoto."

"Ndiyo. Baba."

Akatugeukia akitabasamu. Akatuambia huyu mama anamchanganya mwanawe na baba yake, hiyo ndiyo dalili tuliyoisoma wiki iliyopita, andikeni. Kalamu arobaini zikaandika. Hapo unamjua Mama. Umepewa jina la babu, na babu ni baba mkwe wake. Toka aolewe hajawahi kulitaja jina hilo, hata siku ulipozama ziwani tukiwa wadogo alipiga kelele "Baba! Baba!" mpaka wavuvi wakadhani anayezama ni mzee. Angelitaja siku ile ya Alhamisi ndiyo ningejua kweli akili zimemtoka.

Nilikaa mstari wa pili. Yule bwana ndiye msimamizi wa utafiti wangu, bila sahihi yake simalizi chuo. Niliinamisha kichwa, na mimi nikaandika. Hilo nalisema nikijidharau kuliko ninavyomdharau yeye, maana yeye hakujua.

Tulipotoka tukaenda Mirongo kununua dawa zake za macho. Mama akasimama nje ya duka akaniambia, "Mimi nimekatazwa kulitaja. Wewe ni mjukuu, hujakatazwa. Mkwe akiulizwa jina la mzee, mtoto aliye karibu ndiye anamsaidia. Mbona uliniacha?" Akaingia ndani kuuliza bei.

Siku tatu sikula vizuri. Nikaenda kwa dokta anayetufundisha saikolojia ya ushauri, yule ambaye muhula mzima somo lake ni moja, kusikiliza. Alinisikiliza huku kidole kinapandisha na kushusha kwenye simu. Akaniuliza najisikiaje. Nikamwambia nina hasira. Akasema, "Vizuri," akaniomba nikitoka nifunge mlango.

Juzi Jumatatu profesa akaileta ile video ya Mama ukutani, awaonyeshe na wa mwaka wa kwanza waliokuja kuchanganywa nasi. Ilipofika pale pa "Baba", wakacheka. Nikasimama. Miguu ilikuwa inatetemeka, profesa angefurahi kuniona. Nikasema, "Huyo ni mama yangu. Mtoto wake wa kwanza anaitwa Magesa. Hakusahau. Ni jina la mkwe wake."

Akavua miwani. "Binti, huo ni utamaduni. Hapa tunafanya sayansi."

Msichana mmoja wa Magu, ambaye hatujawahi hata kusalimiana, akasema kutoka nyuma, "Profesa, hata mama yangu hawezi kulitaja la babu yetu." Profesa akauliza nani mwingine. Nadhani alitaka kutuaibisha. Mikono ikanyooka mingi, akazima mashine akasema kipindi kimeisha.

Karatasi amekataa kuirekebisha. Jioni yake alinitumia ujumbe kwamba nitafute msimamizi mwingine. Kwa hiyo kaka, mahafali ya mwaka huu msiyategemee. Nimelia, nimemaliza.

Sisemi Mama hasahau. Sufuria ziliungua kweli, na umri umekwenda. Mpeleke binti yako mkubwa awe analala naye, amwangalizie moto. Lakini nyumba ni yake na jembe ni lake. Ukimtoa pale kwa karatasi ile, utakuwa umemwamini mtu asiyejua kumwamkia mama yako. Kama una shaka, muulize Mama mwenyewe mashamba yetu yote yanapakana na ya nani, uone kama utamaliza kumsikiliza kabla ya jua kuzama.

Nisalimie wifi na kifua chake, watoto waambie shangazi anawakumbuka, na mjomba mkubwa aliyeisoma karatasi kwa sauti mwambie aisome na hii. Mama usimsomee yote, ya mahafali yatamuumiza. Mwambie tu kwamba lile jina nimelitaja, mbele ya watu wale wale.

Ni mimi mdogo wako,
Nyangeta