"Mpaka" Niliyoifuta

Shangazi mpendwa,

Nakusihi, ukishasoma barua hii ichome, hata binamu asiione.

Mimi mzima. Ofisini tumeletewa feni mpya.

Mkataba wa amani na nchi jirani niliuchapa mimi. Walikubaliana hivi: "Majeshi yatakaa nje ya kijiji mpaka mpaka mpya utakapochorwa." Bosi alikuwa amenikaripia kwa kurudiarudia maneno: "We kijana, mashine yako ina kigugumizi?" Kwa woga nikafuta "mpaka" moja. Jana pande zote mbili zimetia saini. Sasa inasomeka kwamba majeshi yatakaa nje pale tu mpaka mpya utakapokuwa umechorwa. Kabla ya hapo, hakuna kinachoyazuia kuingia. Baada ya vita vitatu, jirani hataturudishia neno hilo kirahisi.

Na kijiji chenyewe ni chenu, Shangazi.

Kesho nitakiri kwa bosi. Wewe usinisubiri, hama siku utakayoipata hii, uende kwa dada.

Usipige simu ofisini. Niandikie kupitia fundi viatu wa mtaani kwetu, bila kutaja jina. Nyuma ya bahasha andika tu "mpaka mpaka", nitajua mmefika salama.

Mtoto wa kaka yako,
Karani