Tuzo Uliyoipata kwa Mgongo wa Mama

Muscat, Jumatano

Mdogo wangu Shabani,

Asalaam aleikum. Hali yako sikuulizi, nimeiona kwenye picha: suti mpya, tuzo ya kioo mkononi, na mama ameketi mstari wa mbele ukumbini hapo Kibaha akikupigia makofi. Mimi ni mzima. Bibi ninayemtunza amedhoofu, hageuki kitandani mpaka nimgeuze, na joto la huku halina huruma. Habari zangu ziishie hapo, maana sikukaa kuandika kwa ajili ya hizo.

Uliponipigia mwezi uliopita ulisema shindano lilikuwa na mafungu: riwaya za mapenzi, za upelelezi, hadithi za watoto na hadithi za kutisha, na wewe umeongoza kwenye za kutisha. Nilifurahi mpaka nikamsimulia yule bibi, ambaye Kiswahili anakisikia kidogo tu. Nikakuuliza umeandika juu ya nini, ukacheka. "Mambo ya kijijini tu, dada." Hukunitumia. Alinitumia Mwajuma, binti wa mama mdogo, nikaisoma nimesimama kwenye chumba cha kufulia.

Shabani, yule ni mama. Mguu wa kushoto anaouburuta ni wa mama. Beseni la bluu ni lake. Hata ile kaswida anayoimba kwa sauti ya chini akiwa anaosha maiti umeiweka. Umebadilisha jina tu. Halafu mwanamke huyo, aliyewaosha marehemu wa kike wa kijiji chetu tangu sisi hatujaanza shule, asidai hata kipande cha sabuni, umemfanya mchawi anayekata kucha za maiti na kufuga misukule shambani.

Na umeandika vizuri. Hilo ndilo linaloniuma. Ungeandika ovyo, watu wangecheka wakaacha. Pale anapomfunika marehemu uso niliogopa hata mimi, niliyekuwa nikimshikia mama kata ya maji.

Sasa sikia yaliyofuata, kwa sababu najua tangu siku ya tuzo hujakanyaga kwetu Kisarawe. Waandaaji walichapa kijitabu, wanafunzi wakakipata, wakawasomea wazazi wao. Wiki mbili zilizopita alifariki jirani yetu, Mama Hadija. Mama akachukua beseni na karafuu maiti, akaenda kama siku zote. Mlangoni akapokewa na binti wa marehemu.

"Shikamoo mama. Leo wewe pumzika, tumeshamwita mtu mwingine."

Mama akasema, "Marahaba. Haya mwanangu, Mungu amrehemu," akaenda kukaa mkekani na wanawake wenzake. Wenzake wakasogea pembeni. Mwajuma alikuwepo, ndiye aliyenieleza, na alikuwa analia.

Nikakupigia siku ileile. Umesahau ulivyonijibu? Mimi sijasahau.

"Dada, hiyo ni kazi ya ubunifu. Msomaji anayeelewa hawezi kuchanganya."

Nikakuambia aliyemzuia mama mlangoni si msomaji anayeelewa, ni mtu aliyefiwa.

"Kwa hiyo unataka nirudishe tuzo?"

"Nataka uende ukawaambie kwamba umetunga."

"Siwezi kuomba radhi kwa sababu ya hadithi. Tena wameniomba sehemu ya pili."

Sehemu ya pili. Umembakishia nini mama cha kuandikwa?

Nilipompigia mama mwenyewe, hakukulaumu. Alisema Mungu amekujalia kipaji, labda hukujua. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, "Zuhura, mimi nikifa nitaoshwa na nani?" Kwa sababu umeandika kwamba mwanamke atakayemwosha yule mchawi wako ndiye atakayerithi uchawi wake. Nilimwambia asiseme hivyo. Akaniambia kufa haogopi, anachoogopa ni kulazwa pale, wanawake wakisukumana mlangoni, kila mmoja anamwambia mwenzake aingie. Wewe ni mtoto wa kiume, utasimama nje ya pazia. Binti ni mimi peke yangu, na niko ng'ambo ya bahari.

Basi nimeomba kuacha kazi. Mwajiri wangu amekasirika, kasema tiketi nitajua mwenyewe. Nitajua. Narudi kukaa na mama.

Wewe nenda Kisarawe Ijumaa hii. Umwombe imamu ruhusa, na swala ikiisha usimame mbele ya watu, useme kwa kinywa chako kwamba mchawi yule hayupo, umemzua, na mguu na beseni umemwibia mama yako. Maneno ya ubunifu yaache Kibaha. Nikifika nikakuta hujasema, nitapita mimi nyumba hadi nyumba, na nitaanzia Mbwawa kwa wakwe zako.

Nisalimie mkeo. Mwajuma kaniambia alikukataza kabla hujapeleka ile hadithi, nawe ukamwambia hajui fasihi. Mwambie wifi yake anamheshimu. Msalimie baba mkwe wako, mzee wa watu anayekusifia kwa majirani. Mama usimpelekee salamu zangu, nitamsalimia mwenyewe. Mpelekee zako, na usipige simu. Nenda kwa miguu yako.

Dada yako wa tumbo moja,
Zuhura