Mafuvu Ambayo Hayakuuzwa

Jumatatu, 3 Machi
Dawa saa mbili. Uji nusu kikombe. Binti yangu Wakesho amenisomea habari: hakimu wa Voi ameamuru ule uongo juu ya jirani yetu Mwambingu ufutwe mtandaoni, na kampuni yenye mtandao huo imtaje aliyeuandika. Amefurahi. "Sasa huyo mwoga atajulikana, Baba."
Mwoga ni mimi.

Jumanne, 4 Machi
Niandike yote. Mwambingu alinishinda uenyekiti wa kamati ya shule hapa Bura. Nikafungua ukurasa kwa jina la bandia, nikaandika kwamba amemuuzia mzungu mafuvu ya mababu kutoka pango la ukoo tunamoyahifadhi. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimeyaona pangoni, yote, kwenye mawe yake. Nilifundisha Kiswahili maisha yangu yote. Sentensi zilikuwa safi. Watu wakaamini.
Ukoo ulimtenga. Matangani huketi peke yake.

Ijumaa, 7 Machi
Nimejaribu kuufuta ukurasa. Nenosiri nimelisahau. Tarakimu za siri zinatumwa kwenye laini niliyoiacha zamani. Sasa ni ya mama mmoja wa Njukini. Nimempigia, nikamwomba anisomee tarakimu. "Mzee mzima na bado unatapeli watu!" Akakata.
Ningekuwa yeye ningekata pia.

Jumatano, 12 Machi
Kampuni imejibu kupitia wakili. Iko ng'ambo, mahakama ya Kenya haina mamlaka juu yake. Kumtaja mwandishi ni kuvunja siri ya mteja.
Wananilinda mimi. Sijawahi kuona aibu kama hii.
Kesi imeahirishwa hadi Juni. Daktari hakunipa Juni.

Ijumaa, 14 Machi
Nimemwita Mwambingu, nikakiri. Wakesho akasikia, akatoka nje. Mwambingu akasema, "Kumbe ni wewe, Mwalimu. Nilijiuliza nani huku anajua kuweka koma."
Akaagiza pombe ya miwa. Kwetu anayetaka kuondoa kinyongo hupiga funda, akalipuliza chini huku akiitaja hasira yake imtoke. Ndiyo kutasa. Akatasa. "Mimi nimemaliza. Sasa kaitasie simu."
Wakesho ameiandikia kampuni kwamba mwandishi ni mimi. Mashine imejibu papo hapo: haiwezi kuthibitisha kuwa ukurasa ni wangu.

Jumapili, 16 Machi
Manyunyu. Mtu wa Ronge ameusambaza uongo ule tena asubuhi. Sikuuliza ameongeza nini.
Wakesho bado hanisemeshi.
Mwambingu amepita baada ya misa, ameketi karibu na kitanda. Anakunywa chai polepole, kama mtu asiyengojewa kwingine.